Nazi za Kitamli Chako Zilipokataa Kuota

Mama yangu uliyelala kaburini Baleni,

Najua swali lako la kwanza si kama nimekula, ni kama mnazi wako, kile kitamli cha madafu, ungali umesimama. Umesimama. Umeinama kidogo upande wa bondeni na makuti yamepungua kichwani, lakini umesimama. Sasa nisikilize kwa utulivu.

Unakumbuka asubuhi zetu za kuchagua mbegu? Uliweka nazi sikioni ukaitikisa, na nikithubutu kusema neno uliniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya makumbi. "Nyamaza, nasikiliza maji." Jirani akipita ulimwitikia salamu huku macho yako yakiwa kwenye kikapu chake. Watu walisema una wivu na mti mmoja. Ulikuwa na sababu. Shamba ni la marehemu mjomba, mnazi ni wako, na ukoo ulikubaliana kwamba siku mnazi huo utakapoanguka bila mche wa mbegu yake kusimama kando, pale panarudi kwa wenye ardhi. Mimi naishi Kilindoni. Pasipo mnazi ule, nitakuja Baleni kama mgeni.

Basi nazi zikakataa kuota. Nilizilaza kivulini ulivyonifundisha, nikazimwagia maji, nikangoja. Zilioza kwa adabu, moja baada ya nyingine. Nikamshuku Zuhura, binti wa mjomba, kwa kuwa shamba sasa analiangalia yeye, na anaishi humohumo. Nilikagua macho ya kila nazi nikitafuta tundu la sindano. Nilizinusa kama zimechemshwa. Zuhura akanikuta nimepiga magoti, pua imegusa nazi.

"Unaisalimia?"

"Naikagua."

"Ikikujibu niite, dada."

Mtu anayetania hivyo, nilijiambia, ana jambo.

Nikamwendea bwana shamba, kijana wa bara. Ana shikamoo nzuri mno, nami nikaishuku nayo. Tangu hifadhi ya bahari ianze, kisiwa kimejaa watu wa kuja kutupimia vitu vyetu: huyu matumbawe, yule papa. Huyu akapima nazi yangu. Aliipasua, akanionyesha chini ya jicho moja kitu kidogo kama punje ya mchele. Kiinitete, akasema, ndio mnazi wenyewe kabla haujawa mnazi. Ndani yake zimo protini nyingi. Moja peke yake haina amri. Mpaka ikutane na mwenzake inayolingana nayo, zikashikana, ndipo kazi inaanza: huku mzizi, huku chipukizi. Nyama ya nazi nayo hupelekeana habari na kile kipunje, huyu akue, yule aweke chakula.

"Umeyaona wewe?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Mengi wameyaona kwenye mimea midogo ya maabara. Nazi ni ngumu kuichunguza."

"Kwa hiyo nazi yangu hamjaiuliza."

Akacheka, kisha akauliza jambo nisilolipenda. "Ulipoziangua hizi, makumbi yalikuwa yamekauka?"

Hayakuwa yamekauka. Nilimpandisha mkwezi zikiwa bado koroma, hazijakomaa, ili Zuhura asiniwahi. Kijana akasema mti ulikuwa bado unazilisha na protini bado zinatafutana, nami nikazikatiza mazungumzo.

Sikumwamini kwa nazi moja. Nyumbani nikachukua wembe, nikapasua koroma nyingine. Kipunje kilikuwa laini kama kamasi. Nikapasua nazi kavu ya sokoni, chake kilikuwa kigumu, kimetulia kama mtu aliyeshiba. Mama, nilikuwa nimezilinda mwizi asizifikie, na mwizi hakuwa hata ameinua mkono.

Zilizobaki juu zilitakiwa zikauke mtini, zidondoke zenyewe, machoni pa Zuhura. Nikaenda kwake nimeumeza ulimi nusu.

"Nakuomba uniangalizie zile za juu."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi mwenye sindano?"

Sikuuliza nani kamwambia. Kisiwa hiki hakihitaji redio.

Zilidondoka, akaziokota, akazilaza kivulini mwenyewe. Hapo nikapata shaka mpya, na naamini ungeipenda. Je, kama amezibadilisha? Nazi zikikauka zote rangi moja, na mche wa mnazi mwingine haunipi haki. Lakini kitamli chako ni chekundu, na mche wake hutoka na wekundu huohuo kwenye bua. Nazi moja ilipochipua nilikuwa pale, nimeinama.

"Unaangalia rangi?" Zuhura akauliza nyuma yangu.

"Naangalia wadudu."

"Wadudu wa rangi gani?"

Bua lilikuwa jekundu. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumlaumu, nikabaki nayo mdomoni.

Tumeupanda pamoja, hatua chache kutoka mti wako, yeye ameshika mche, mimi najaza udongo. Nilikukumbuka sana siku ile. Nilitamani uwepo, unizibe mdomo.

Kisha nikauzungushia miba, nikaacha pengo la kupitisha maji upande wa njia yangu.

"Miba ya nini?" Zuhura akauliza.

"Ya mbuzi."

"Hapa hakuna mbuzi."

Akaondoka, akarudi na mzigo wa miba kichwani, akaliziba lile pengo langu. Kisha akafungua jingine upande wa mlango wake. "Maji utapitishia hapa," akasema, "nikuone."

Pumzika, mama. Mche tunao, na unaangaliwa vizuri.

Binti yako