Wimbo wa Binti wa Majimbo

Baba Kendi,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo usitarajie salamu nyingi. Tangu tukuzike, viazi vimetoka vizuri, Kendi wetu amepata kazi Meru mjini, na ng'ombe wako amezaa. Basi. Sasa tuongee kuhusu Muthoni.

Jumamosi okestra ya vijana uliokuwa ukiwafundisha ilipiga muziki wako mjini. Mwalimu aliyechukua nafasi yako ana mtindo wa kueleza kila kazi kabla haijapigwa: nani aliitunga, wapi, akimwaza nani. Ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani aliyefiwa na mtoto. Ya pili, Mrusi aliyekumbuka kwao. Niliwahurumia wote wawili. Kisha ikafika yako.

Akasema ile sehemu ya polepole, ile tamu, uliipata ukiwa mwalimu kijana Embu, umepanga chumba mtaa wa Majimbo, na ulikuwa ukiipigia mluzi kwenye geti la binti wa jirani. Halafu akamwomba huyo binti asimame. Muthoni akasimama na kitambaa chake cha buluu, mama mzima mwenye wajukuu, watu wakampigia makofi. Hata mimi nilipiga. Ningefanya nini, na watu wananitazama?

Miaka yote nilijua wimbo ule ni wangu. Uliuimba chini chini jikoni kwangu hapa Kibirichia, umekaa kwenye kigoda na karatasi zako, mimi naponda viazi vya mukimo. "Ponda tena, Mama Kendi." Nakuambia viazi vimelainika kitambo. "Wewe ponda tu." Nilidhani ni njaa. Kumbe mimi natoka jasho juu ya sufuria, wewe uko kwenye geti la watu. Iliniuma, Baba Kendi. Inaniuma hadi sasa. Na yule mama bado ana meno mazuri.

Tena mwalimu alisafiri hadi Majimbo kumuuliza habari zako. Mimi mjane wako nilipigiwa simu niulizwe kama chakula cha wanamuziki kitatosha.

Wakaanza. Vayolini zikauchukua wimbo wa Muthoni, nami nikaapa moyoni sitausikiliza. Ndipo chini yake ikaingia ngoma kubwa. Ikapiga mara tatu, nzito, ikanyamaza, na kijana mmoja akakwaruza kibati. Mara tatu tena, kimya, kukwaruza. Hivyo ndivyo ninavyoponda mimi, nikisimama kukwangua pembeni mwa sufuria. Mikono yangu iliitambua kabla yangu, ikaanza kucheza mapajani. Nililia, na Kendi akanipa leso akidhani nimekukumbuka tu.

Baadaye, nikipakua chakula, Muthoni alikuja na sahani yake. "Pole sana, mama. Wimbo ni ule ule wangu. Lakini hiyo ngoma sijui aliitoa wapi. Kwetu haikuwa, na inasumbua kidogo."

Nilimwongezea mukimo. Sikumwambia kitu, wala mwalimu sikumwambia. Waendelee kueleza wanavyojua.

Lakini wewe nakuambia. Ungeweza kunitungia wimbo wangu peke yangu, bila mwanamke mwingine kuukalia juu. Miaka yote hiyo, na karatasi zote hizo. Hilo sijakusamehe, na usidhani kufa kumekuokoa.

Wataupiga tena huko Embu, na wameshaniuliza habari ya chakula. Nimewaambia watafute mpishi. Nitavaa lile gauni ulilolipenda, nikae mbele kabisa, kando ya Muthoni, na ngoma ikiingia nitamtazama usoni.

Lala sasa, Baba Kendi. Kigoda chako hakijaondolewa jikoni. Jioni hii naponda viazi, na vikilainika nakuahidi nitaponda tena.

Mama Kendi