Jina Alilolikubali Mtoto

Otonglo, Kisumu
18 Novemba 2024

Dada Aloo,

Habari za huko kisiwani? Sisi wazima, ila usingizi tumeusahau. Valarie amejifungua msichana. Mke wangu na mtoto wote wako salama, na mimi mdogo wako sasa ni baba wa mtu, kwa hiyo uniheshimu kidogo. Pua ni yako kabisa, maskini.

Tatizo ni kilio. Analia akishiba, analia akibebwa, mpaka majirani wameanza kunisalimia kwa huruma. Hospitalini tulimwandikisha Akinyi kwa kuwa alizaliwa asubuhi, lakini Mama anasema hilo halitoshi, kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Basi kila jioni anampakata na kuwataja wafu wetu mmoja mmoja: "Kama ni wewe Okello, nyamaza. Kama ni wewe Apiyo, nyamaza." Hanyamazi. Mama hana wasiwasi, anasema wafu wetu ni wengi, tutamfikia tu mwenyewe.

Mimi muuza vipuri vya pikipiki siamini mambo hayo, lakini huwa nakaa mlangoni nikisikiliza. Mama anauliza: hao ndege unaolipwa kuwatazama, wanaliwa?

Mdogo wako,
Oketch

Ushelisheli
27 Novemba 2024

Oketch mdogo wangu,

Hongereni! Mkumbatie Valarie kwa niaba yangu. Mimi mzima, jua tu limenichoma mpaka hamtanitambua. Simu haishiki kabisa kwenye kisiwa hiki, na intaneti iko kwenye kompyuta moja ya ofisi ambayo tunaigombania, ndiyo maana nachelewa kujibu.

Mwambie Mama hawaliwi, wanalindwa na sheria. Nchi hii iko mbali na bara kiasi kwamba mnyama wa nchi kavu wa asili, anayenyonyesha, ni popo peke yake. Wengine wote waliletwa na watu. Ndege ndio wenye nyumba. Kuna mmoja mweusi mwenye doa jeupe bawani, anafuata miguu ya watu kwa sababu tukikanyaga majani wadudu hutoka. Kila nikiingia msituni wananifuata kama kuku. Kuna mwingine mdogo ambaye binti yake mkubwa mara nyingi hatagi, anabaki kuwalisha wadogo zake. Nilipoelezwa habari zake nilicheka, nikasema huyu ametoka kwetu.

Nisiowazoea ni wale ambao wenyeji huwaita fuke. Ni ndege wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo ardhini, na kilio chao ni cha mtoto mchanga. Jioni yangu ya kwanza nilichukua tochi nikaenda kumtafuta mama yake. Kazi yangu ni kulala kifudifudi, kuingiza mkono shimoni, kumtoa kifaranga na kumvalisha pete mguuni. Kwa hiyo usijione wewe peke yako ndiye mwenye mtoto anayelia.

Dada yako,
Aloo

Otonglo
6 Desemba 2024

Dada,

Uko mzima? Safari hii siulizi kwa desturi. Nijibu kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Jana Alhamisi, mchana, Mama alimaliza kuwataja marehemu wote anaowajua. Akachoka. Akakaa tu na mtoto mapajani akijisemea, "Aloo, ungekuwa hapa ungenisaidia." Mtoto akanyamaza. Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo bado wazi, akageuza uso mlangoni kama anayemtazama mgeni akiingia. Tulidhani ni bahati. Valarie akajaribu jina la Okello, mtoto akalia. Akajaribu lako, akanyamaza. Tulirudia mpaka tukaogopa kurudia.

Mama alimlaza, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta amejifunga khanga kiunoni vile wanawake wa kwetu hujifunga wakienda msibani. Akaniambia, "Hapana taja hiyo jina tena kwa hii nyumba." Unajua mwenyewe, dada. Jina linalomnyamazisha mtoto ni la mtu aliyekufa. Sijawahi kusikia la mtu aliye hai likifanya hivyo.

Nimepiga simu yako mpaka nimechoka. Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako,
Oketch

Ushelisheli
11 Desemba 2024

Oketch,

Niko hai. Mwambie Mama sasa hivi, kisha urudi usome yaliyobaki ukiwa peke yako. Mwambie nakula, nalala, na jana nilimshinda mpishi wetu karata. Aifungue hiyo khanga.

Haya mengine ni yako. Alhamisi ile mchana nilikuwa kifudifudi, mkono umezama shimoni mpaka begani. Kifaranga alikuwa analia na vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa manyoya yake. Kisha nikamsikia Mama. Aliniita kutoka ndani ya shimo, chini ya ardhi, kwa ile sauti yake ya uchovu. Wewe na mimi tulilelewa tusiitike kama hatumwoni anayeita, na tulichapwa kwa ajili hiyo. Lakini nina mwaka mzima sijaitwa na mama yangu. Niliitika. Nilisema, "Naam Mama, nakuja." Kilio kikakatika. Nikapapasa kila upande, shimo lilikuwa tupu.

Usimpe mtoto jina langu. Najua nachekesha, mimi mwenye digrii yangu, lakini naogopa. Naomba jina langu niendelee kulitumia.

Dada yako,
Aloo

Otonglo
22 Desemba 2024

Dada mpenzi,

Pokea salamu zetu, ingawa nyumba haina raha. Mama alifungua khanga, ila naona hajaamini.

Tumelifuata neno lako, jina halijatajwa. Sasa mtoto amekataa ziwa. Daktari, mama mmoja wa Kihindi mpole sana, amempima kila kitu na haoni ugonjwa. Ametufundisha kumlisha kwa mrija, na maziwa yanarudi. Amekonda mpaka ngozi ya mapaja inakunjana. Juzi Valarie alishindwa kuvumilia. Alijifunika naye shuka Mama asisikie, akamnong'oneza "Aloo" sikioni. Mtoto alinyonya mpaka akapitiwa na usingizi. Jana Valarie alinong'ona tena, na mtoto akageuza uso. Inaonekana kunong'onezwa hakumtoshi, anataka apewe jina lenyewe.

Sijui nikuombe nini. Nikimpa, nakupoteza wewe uliyenisomesha. Nikimnyima, namzika binti yangu. Rudi nyumbani mtoto akuone kwa macho yake, labda yataisha. Mama haniambii kitu. Anajifungia chumbani na mtoto, nami namsikia akiongea polepole, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayepatana bei.

Mdogo wako,
Oketch

Ushelisheli
28 Desemba 2024

Oketch,

Nimepewa ruhusa ya kurudi, lakini bahari imechafuka na hakuna boti inayokuja. Upepo umeharibu na intaneti pia. Barua hii itaondoka mtandao ukirudi.

Mwili wangu ni mzima. Wenzangu wananiona, tunakula meza moja. Ndege ndio hawanioni. Wale weusi hawanifuati tena. Nakanyaga majani, wadudu wanatoka, na hakuna anayekuja. Jana fuke mkubwa alitoka baharini, akapanda mgongoni kwangu, akatembea mpaka shingoni, akaingia shimoni kwake bila haraka. Labda niliondoka siku ile niliyoitika. Labda ni jua tu.

Mtoto hawezi kungoja boti. Mpeni jina. Naamua haya nikiwa na akili zangu timamu, na nalia ninapoandika, sitakuficha. Mkimwita, mwiteni kwa sauti kubwa. Mama asijue kwamba nimekubali. Mwambie nimepata likizo, niko njiani.

Nakupenda, wewe na huyo mwenye pua yangu.

Dada yako,
Aloo

Otonglo
29 Desemba 2024

Dada Aloo,

Bado hujanijibu, na mimi leo siwezi kukungoja.

Jina limepatikana, na si lako. Asubuhi Mama alitoka chumbani na mtoto mkononi, ameoga, amevaa gauni la kanisani. Akatuita sebuleni. "Sasa sikieni. Huyu anaitwa Seline." Valarie alicheka, akidhani ni utani. Nani humpa mtoto jina la bibi yake, na bibi mwenyewe yuko pale pale amempakata? Mama akainama. "Kama ni Seline, nyamaza." Mtoto akanyamaza, akaanza kutafuta ziwa. Amenyonya kutwa, na mashavu yamerudiwa na rangi.

Nilimwuliza Mama amefanyaje. Akanijibu, "Mimi nimeongea na yeye. Alikuwa anataka tu mtu ya hii nyumba. Si lazima Aloo."

Tulifurahi, nisikudanganye. Tulichinja jogoo. Mama hakula. Alisema hana njaa, akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Nimetoka kumtazama sasa hivi. Amegeukia ukutani, na miguu yake nimeisugua mpaka mikono imeniuma, haipati joto. Amenituma nikuandikie kwamba hutasumbuliwa tena na kitu chochote, kwamba usikatishe kazi ya ndege wako kwa ajili yake, umalize vizuri, uje wakati wa Pasaka.

Usimsikilize, dada. Njoo.

Mdogo wako,
Oketch