Kiti cha Mama Kimerudi Barazani

Chandler, Arizona
9 Machi

Kaka yangu Efraín,

Pokea salamu zangu na za Mama. Vipi mgongo wako, na baridi ya huko Minnesota bado inakutafuna? Sisi wazima kabisa. Michungwa imechanua mpaka mtaa mzima unapiga chafya.

Uliuliza kwa nini Mama alikuwa akikujibu neno moja moja wakati wa Krismasi. Alinikataza nisikwambie, leo ameniruhusu.

Umoja wa wenye nyumba wa mtaa wetu ulimwonya kwamba kile kiti chake cha plastiki kinaharibu sura ya mtaa. Kanuni inasema kukaa ni kwenye ua wa nyuma tu. Barazani marufuku, na ukikaidi ni faini. Unamjua Mama: tangu tulipokuwa Tucson, jioni yake ni kiti, kahawa na wapita njia. Akaingia ndani, akafunga pazia. Kufikia Desemba aliacha hata kusuka nywele. Kaka, niliogopa. Alikuwa akizimika mbele ya macho yangu.

Nikamwendea mwenyekiti, Duane Hofstetter, yule anayezunguka na kigari cha gofu akikagua rangi za milango ya watu. Nikamwambia mtaa unaomkataza bibi kukaa mbele ya nyumba yake si mtaa, ni ghala. Akacheka: "Bibie, si ulitia saini mwenyewe siku ya kununua? Hukusoma?" Nikamjibu kwamba nitasoma sasa, na atajuta kunifundisha.

Nikasoma yote. Kumbe kanuni ile haimo katika mkataba wa msingi. Kamati iliitunga yenyewe, na kamati inaweza kuifuta. Tena mamlaka ya umoja yanaishia penye changarawe za mbele ya nyumba yetu. Njia ya waenda kwa miguu ni mali ya mji.

Basi nikakitoa kiti, nikakiweka ukingoni mwa ile njia, nikaacha nafasi ya vigari vya watoto kupita. Duane akaja mbio, akafunga breki, akasema hapo haparuhusiwi. Mama akamtazama kwa upole: "Baba, hapa ni pa mji. Kahawa yako unatia sukari?" Jirani yetu Wendell, aliyekuwa akitembeza mbwa, alicheka hadi kamba ikamponyoka.

Lakini kiti cha njiani si ushindi. Tulihitaji kamati mpya, na kila mwaka uchaguzi huvunjika kwa sababu watu hawatoshi, waliomo wakabaki walivyo. Huku mtu huingia kwake na gari, mlango wa gereji ukashuka, basi, humwoni tena. Nilizunguka na hoja zangu nyumba kwa nyumba. Milango ikafunguliwa kiasi cha pua na kufungwa. Nikarudi nikifoka kwamba hawa ni kondoo. Mama akaniambia, "Wewe unawahutubia. Mimi nawasalimia." Na kweli, kila aliyepita, Mama alimwuliza habari za goti lake, za mbwa wake, za binti aliye jeshini, kisha akamwalika kwenye mkutano wa uchaguzi, akimwahidi tamale za moto, zile zake za unga wa mahindi na nyama.

Walijaa, Efraín! Wengine walisimama ukutani. Duane akahesabu vichwa, akarudia kuhesabu. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Duane, hata mkeo anataka kukaa nje, muulize!" Na mkewe, aliyeketi mstari wa mbele, akanyoosha mkono! Kura zikapigwa, kamati nzima ikaanguka. Mpya ikaifuta kanuni ile papo hapo.

Sasa kuna jambo moja, keti kwanza. Mimi niliyeapa kwamba kamati hizi ni udikteta wa watu wasio na kazi, mwenyekiti mpya ndimi. Mama alinipendekeza bila kuniuliza, na mikono ikapanda kama moto wa nyika. Cheka, una haki.

Malalamiko ya kwanza yameshanifikia: kuna nyumba imeacha pipa la taka nje tangu juzi. Nyumba ni yangu. Mlalamikaji amekaa barazani, nywele amezisuka, anakunywa kahawa na kunitazama nikiandika badala ya kuliingiza pipa.

Msalimie wifi yangu Noreen na wanao. Mkija Pasaka msilete maua. Leteni viti.

Ni mimi dada yako, nisiyeshindwa na mtu ila Mama,

Graciela