Kadi Moja, Wagonjwa Wawili

Durban, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Zuhura,

Kwa miaka tisa nimekuficha jambo kuhusu kifo cha mume wako. Nilikwambia moyo wake ulisimama ghafla. Ulisimama kweli, lakini najua kilichousimamisha, na kabla sijafa nataka na wewe ujue. Soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Najua umeanza kwa kuniamkia, nami nasema marahaba. Hujambo? Magoti yamepata nafuu? Mikorosho imezaa mwaka huu? Mimi siwezi kusema sijambo. Nakohoa damu, na kutoka kitandani hadi dirishani napumzika mara mbili. Dawa ananiletea mtu wa mtaani ndani ya begi, vidonge visivyo na boksi wala jina. Mimi niliyewafundisha watoto wa Kipatimu sayansi miaka kumi na minane navimeza bila kuuliza.

Hospitali siendi. Mumeo alikuwa somo yangu, sote wawili Mfaume Selemani, na tulipofika huku yeye ndiye aliyebahatika kupata kibali, na kwa kibali akapata kadi ya hospitali. Mimi sikupata karatasi yoyote. Kadi ile haikuwa na picha, tukaitumia wawili. Nikiugua alinichomekea mfukoni huku anacheka: "Haya somo, lipeleke jina letu likatibiwe. Ila usililie sindano, utaliaibisha." Alipokufa, kadi ilikwenda naye. Kwenye vitabu vyao Mfaume Selemani ni maiti, na maiti hapangi foleni.

Ungemwona karani wa dirishani pale hospitali ungetapika. Karatasi ya mgeni aliishika kwa ncha za vidole viwili, kisha akajipaka dawa ya mikono mbele yako. Siku moja alikuja mama wa Msumbiji, mjamzito, hana karatasi, maji yanamtiririka miguuni. Karani akamuuliza, "Kwenu hakuna hospitali?" Mama akasema ipo. "Basi panda basi." Foleni ikacheka. Mimi mwenye kadi ya kuazima nilicheka nao, tena kwa sauti, nisije nikajulikana. Mama yule alikwenda kukaa chini kwenye saruji, na sikumtazama tena.

Mwaka mmoja kabla ya msiba nilishikwa na kichomi, nikalazwa kwa kadi ile. Waliniuliza kama kuna dawa inayonidhuru. Nikasema hakuna, na kwangu hakuna. Wakanichoma kristapeni, ile penisilini ya sindano, siku tano, nikapona, wakaandika yote kwenye faili. Haikunijia kabisa akilini kwamba mwenye faili ni mtu mwingine. Mwalimu mzima.

Na wewe unaijua habari ya sindano ile. Pale zahanati ya Kiswere walimchoma mumeo kwa ajili ya kidonda cha mguu, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, mkamkimbiza Lindi akivuta pumzi kwa taabu. Siku tunaondoka ulinishika mkono: "Kaka, Kiingereza unakijua wewe. Popote watakapomtibu, waambie kristapeni hapana." Nikakuitikia. Sasa kila Ramadhani unaniletea salamu za kunishukuru kwa kumuuguza mumeo. Nikizisikia najionea kinyaa.

Salamu zangu naziandika hapa, maana baada ya yanayofuata sitakuwa na uso wa kumsalimia mtu. Msalimie mama mdogo wa Miteja, umwambie bado nakumbuka uji wake. Msalimie mwanao Asha na mumewe. Mwalimu mwenzangu wa Kipatimu, kama yu hai, mwombe anisamehe kwa vitabu nilivyoondoka navyo.

Mwaka uliofuata kichomi kikampata yeye. Nilimpeleka asubuhi, homa imempanda hata akawa ananiita mimi Zuhura. Hakuweza kujisemea. Nesi aliyempokea alikuwa mtu mzuri, na hilo linanichefua kuliko yule karani. Alimfuta jasho, akamwita baba, akamwekea mto. Kisha akafungua faili. Mlangoni alisimama mlinzi, yule anayekagua karatasi za wageni. Nilipiga hesabu haraka: nikisema habari za faili lile si zake, wataniuliza ni za nani. Kadi itachukuliwa, mimi nitakamatwa, na siku nikiugua tena nitatibiwa na nani? Nakwambia haya usije ukadhani nilisahau. Sikusahau. Hata mkono wako ulivyonishika nilikuwa nausikia.

Nesi akanigeukia. "Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake."

"Hapa pameandikwa alichomwa kristapeni mwaka jana na haikumdhuru. Ni kweli?"

Nikamjibu ni kweli.

Kaka yako,
Mfaume