Marashi ya Baba Yameisha

Malaba, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta una nguvu. Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, lakini usingizi umenikataa.

Umeuliza iko wapi ile chupa ya marashi ambayo Baba alitoka nayo vitani Misri, ukampa ndugu yangu Mutua aitunze mpaka harusi yake. Mama, yameisha. Wacha nikueleze.

Hapa mpakani askari hunusa kila chupa, maana watu wanavusha enguli, ile pombe kali ya Uganda. Askari mmoja mzee aliikuta yetu kwenye sanduku la spana la lori letu. Akafungua, akanusa.

"Hii si enguli," akasema. "Hii imewazidi umri, vijana."

Akatufundisha tusiyanuse chupani. Paka tone moja mkononi, endelea na kazi. Kweli, asubuhi yalinukia ganda la chungwa. Mchana, ua nisilolijua. Jioni likabaki lile sanduku la mbao la Baba, la nguo zake. Mutua akacheka, "Kumbe mzee yuko humu!" Tangu hapo, kila tukivuka, yule askari alituuliza, "Chupa yenu haijambo?"

Kwenye telegramu niliyokutumia kuhusu Mutua niliandika ajali tu. Sikuandika dereva alikuwa nani. Ni mimi, Mama.

Foleni yetu ya malori huteremka kuelekea mtoni. Taniboi, yule msaidizi wa dereva, hutega jiwe mbele ya gurudumu. Akishaliondoa hugonga bodi ya lori mara mbili, ndipo dereva aende. Nilisikia bodi ikigongwa mara mbili, nikaachia breki. Aliyegonga ni taniboi wa lori la pembeni. Mutua, taniboi wangu, alikuwa bado ameinama mbele ya gurudumu.

Kwa jua hili hatungeweza kumfikisha nyumbani. Yule askari alinisaidia kumwosha. Nilimpaka marashi yote, nikakaa naye mpaka jioni, mpaka Baba akanukia. Ndipo nikakubali azikwe hapa.

Dereva anayekuletea barua hii ana shati la Mutua la kanisani. Kwenye kola nilibakiza tone. Tafadhali usilifue.

Nisalimie Dada anayekusomea, na Mjomba anayekulimia shamba. Mchumba wa Mutua sijui nimwambie nini.

Dereva atasubiri jibu lako. Kama hutaki kuniona, mwambie tu, nitaelewa. Kama ninaweza kuja, nitakuja kwa miguu. Lori siwezi tena.

Mwanao aliyebaki,
Kyalo