Ng'ombe Ambaye Baba Hakumla

Jumatatu, 2 Juni 2014. Kasulu.
Uji, vidonge, jua la barazani. Miguu imevimba tena. Daktari hasemi, nami sijamuuliza. Nimetuma ujumbe Kitahana kwa dada: aje, nina neno kuhusu Baba. Amejibu kupitia mjukuu wake kwamba habari za Mla Ng'ombe hazimhusu.

Alhamisi, 5 Juni.
Niandike kwanza, nisije nikaishiwa pumzi mbele yake. Baba alikwenda umanamba, kukata mkonge Tanga, atafute ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Mama. Alirudi kwa miguu na blanketi moja. Wajomba wakasema ng'ombe kamla hukohuko na wanawake. Wakamchukua Mama, na sisi. Baba akafa peke yake Kitanga, na jina hilo la Mla Ng'ombe.

Jumapili, 8 Juni.
Sijaenda kanisani. Kifua.
Nilisoma uchumi chuoni. Huko ndiko nilikomkuta Baba, vitabuni, katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Wakuu wa benki kuu za Ulaya na Marekani waling'ang'ania dhahabu. Wakapandisha riba, fedha ikakauka, wakaacha benki nyingi zife, wakidhani wanaokoa thamani ya sarafu. Si wao peke yao, lakini wao ndio waliokaza kamba. Viwanda vikafungwa. Mkonge ukakosa mnunuzi. Manamba wakapunguziwa ujira, kisha wakafukuzwa. Hakukuwa na ng'ombe wa kula.
Nikanyamaza. Mjomba aliyembandika Baba jina ndiye aliyenilipia ada. Niliona aibu, kisha nikazoea. Nimefundisha mdororo ule mpaka nikastaafu. Baba sikumtaja darasani hata mara moja.

Jumatano, 11 Juni.
Dada amekuja. Mkali vilevile. Nikamweleza: mwenye kisima kaona maji yanapungua, kafunika kisima, kijiji kikafa kiu.
"Kwa hiyo wazungu walificha dhahabu, fimbo akala baba yetu?"
Nikasema nao waliogopa.
"Na wewe msomi, uliogopa nini?"
Amelala bila kula. Mimi pia.

Jumamosi, 14 Juni.
Asubuhi dada kapanda bodaboda na jembe langu, kwenda kaburini Kitanga. Amerudi jioni, udongo kwenye kanga. Sasa yuko barazani, anawasimulia wajukuu kwa simu. Kwake wakuu wa benki wamekuwa mzee mmoja mwenye kipara, kakalia gunia la dhahabu. Nilitaka kumsahihisha. Nimeacha. Anasema "Baba". Kila anapomtaja, "Baba".