Maziwa ya Nyanya Warigia

Glasgow, 9 Februari 1975

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Mimi ni mzima, natumaini nanyi hapo Gatitu ni wazima. Msalimie jirani Mwanasiti anayekusomea na kukuandikia. Mwambie asiruke maneno, hata yale ya aibu.

Umeuliza nafanya kazi gani baada ya masomo yote haya. Natunza panya. Usicheke. Kuna ukoo wa panya hapa ambao majike hupata kansa ya titi, mama hata binti, nasi tunatafuta inapita wapi: kwenye damu wanayozaliwa nayo au kwenye maziwa wanayonyonya. Majuzi Profesa alitaka kila mmoja wetu achore ukoo wake, nikachora wako. Mama mkubwa Kagure na mama mdogo Murugi, wote wa tumbo la Nyanya Warigia, wote walikufa kwa titi kabla ya kufika umri wako. Katikati yao ni wewe. Tangu hapo situlii. Nakuomba, nenda hospitali daktari akuangalie.

Mwanao,
Warigia

Gatitu, 16 Machi 1975

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa haki, maana jina lako ni la mama yangu. Hujambo? Sisi hatujambo, ila mvua imechelewa. Mwanasiti alisoma neno "titi" mumewe Huseni akiwa hapo kitini, na bado hajanisamehe.

Hospitali siendi. Titi halijanisumbua, mbona nilisumbue? Lakini mchoro wako umekosea. Murugi hakuzaliwa na mama yangu. Alizaliwa na Wakonyo, mke wa pili wa baba, aliyefariki akijifungua. Mimi bado nilikuwa nanyonya. Mama akanipa mimi titi moja, la pili akampa Murugi. Baba akakataza mtu yeyote kusema mtoto huyu ni wa nani, na kwetu kutenganisha watoto kwa matumbo ni kubomoa boma. Ndiyo maana hukuambiwa.

Murugi alipokufa, waliojua walisema maziwa ya mama ni sumu, yamemaliza mtoto wake na wa mke mwenzake. Mama aliacha hata kwenda kanisani. Leo nawe unaniletea habari ya maziwa ya panya. Nimekasirika, sikufichi.

Ni mimi mama yako,
Watiri

Glasgow, 2 Aprili 1975

Mama,

Pole, na unisamehe. Mwili haujambo, moyo ndio unahangaika. Sikukusudia kumtukana Nyanya.

Lakini nisikilize. Kama Kagure na Murugi hawakutoka tumbo moja, basi walishiriki maziwa ya Nyanya na damu ya Babu. Mwanamume anaweza kukibeba kitu hiki asiugue, akawapa binti zake, na binti naye anaweza kumpa mwanawe bila yeye kuugua. Je, upande wa Babu kuna mwanamke aliyekufa hivyo, ambaye hakunyonya kwa Nyanya? Ukinijibu, uwe umeshatoka hospitali.

Mwanao,
Warigia

Gatitu, 25 Mei 1975

Mama yangu,

Hujambo na hao panya wako? Mvua ilikuja, ikaja kwa fujo.

Nilipanda Wamagana kwa mzee Ngatia, ndugu ya baba. Nilipomuuliza, aliweka kikombe cha chai chini. Kisha: "Ati unauliza nini? Tulikuwa na dada yetu, aliolewa Kutus. Titi yake ilioza akiwa na mtoto mgongoni. Hiyo maneno tulizika na yeye." Shangazi huyo alikufa kabla baba hajamwoa mama. Nililia njia nzima. Mama yangu aliingia kaburini na lawama isiyo yake, na yule mzee alikuwa anajua. Nimemlazimisha aseme mbele ya kanisa zima, na Jumapili alisema.

Hospitali nimeenda. Daktari alinibonyeza kila mahali, Mwanasiti akisoma dua nje. Hakuna kitu.

Sasa nakuuliza. Umetupima sisi wote kwa kalamu, wazima na wafu. Wewe nani amekupima?

Mama yako,
Watiri

Gatitu, 10 Agosti 1975

Mama yangu,

Hujambo? Juni hukuandika, Julai hukuandika. Mwanasiti anasema labda ni likizo za Wazungu. Hata karani wa posta ananionea huruma sasa, akiniona tu anatikisa kichwa. Kama nilikuudhi, niambie. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako,
Watiri

Glasgow, 3 Oktoba 1975

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Mimi ni mzima kiasi. Mwanasiti, tafadhali soma polepole.

Barua yako ya Mei ilinichekesha. Nina miaka ishirini na tisa, nani wa kunipima? Nikajigusa wakati wa kuoga, ili tu nikujibu kwamba nimefanya. Kulikuwa na kitu kigumu, kama punje ya maharagwe ya njahi. Walilikata titi la kushoto Juni hiyo hiyo. Daktari anasema tumewahi, kwamba ningengoja mwaka mmoja angekuwa na maneno mengine kabisa.

Profesa alitaka kukupelekea telegramu siku ile ile. Nilimkatalia. Sikutaka mama yangu apate habari hii kwa maneno machache ya kununuliwa posta. Halafu mimi mwenyewe nikashindwa kuandika. Niliogopa, Mama. Mimi ninayejua ugonjwa huu kuliko wote niliogopa kuliko wote.

Kama hungeniuliza, nisingejigusa. Nakuja Desemba. Ukinikumbatia, utasikia upande mmoja hauna kitu. Usiniachie.

Mwanao,
Warigia